Daftari la Simu

Kazini wananiita Nyundo, kwa sababu nikiandika nakandamiza kalamu mpaka meza inalalamika. Miaka kumi na tisa nimepokea simu za kambi ya jeshi, na kila simu nimeiandika daftarini.

Asubuhi ya mlipuko, saa mbili, mtu alipiga kutuonya, akataja saa na lango. Nikaandika, nikampelekea Mkuu wa kambi ofisini kwake. Akasema, "Sawa, dada," akaendelea na chai. Saa saba mchana lango likalipuka, na daftari likachukuliwa.

Mlinzi wa lango alikuwa mume wangu. Sasa wanasema alilala kazini. Mtu ambaye hata kitandani usingizi ulimpiga chenga! Nimekuja kwenye tume ya uchunguzi kulisafisha jina lake, basi.

Nikaingia, nikamkuta mwenyekiti wa tume ni Mkuu yuleyule, na miwani yake ileile. Pembeni, karani wake alikuwa na mashine ya kuchapa.

"Pole sana na msiba, dada," Mkuu akasema. "Siku ile ulipokea simu yoyote ya onyo?"

Kabla sijafungua mdomo, karani akachapa mstari mmoja, akatulia.

"Niliipokea. Nikakuletea wewe mwenyewe, Mkuu."

Mashine haikulia.

Mkuu akanisogezea daftari. Ukurasa wa siku ile ulikuwa na mwandiko wangu, herufi zangu zilizopinda, saini yangu kabisa: *Hakuna simu ya onyo.* Kwa muda niliamini kwamba nimerukwa na akili.

Nikafunua ukurasa uliofuata. Ulikuwa mweupe, lakini kidole changu kikakuta mabonde: saa mbili, saa saba, lango. Walichana ukurasa wangu wakabandika wao wa kughushi, wakasahau kwamba Nyundo akiandika, hata ukurasa wa chini unaumia.

"Hapa! Shikeni muone!" nikapiga kelele.

Hakuna aliyeinuka. Chumba kizima kilikuwa na Mkuu, msaidizi wake na karani wake.

"Nataka kumpa mtu mwingine daftari hili," nikasema.

"Mwingine yupi, dada?" Mkuu akauliza kwa upole, akanyoosha mkono. "Tume ndiyo sisi."

Karani akachapa, kisha akasoma kwa sauti: "Shahidi amekabidhi daftari, ameshukuru, ameondoka."

Nilikuwa bado nimesimama pale, nimelikumbatia.