Kaburi Chini ya Lengo la Kwanza

Tangu asubuhi Mirriam alikuwa amewekwa kwenye benchi la varanda, nje ya ukumbi wa kanisa. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti za wajumbe wa Halmashauri ya Kanda zikamfikia zote. Walikuwa wakizozana iwapo waandike "kupunguza" ubaguzi au "kukomesha". Mkutano ulikuwa wa kupanga malengo ya kanda hadi mwaka elfu mbili, na lengo la kwanza, lililoandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi kubwa ukutani, lilikuwa kuondoa ubaguzi wa rangi na kabila ndani ya kanisa. Lugha ilikuwa tamu, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Mumewe, Kingi, alikuwa mochari. Hospitali ilikuwa imeshasema: asipochukuliwa leo, atapakiwa lorini pamoja na maiti wasio na wenyewe, akafukiwe nao shimo moja. Charo, mdogo wa Kingi, alibaki huko kuwabembeleza wangoje. Mirriam alilisikia neno hilo, wasio na wenyewe, na hakulia. Machozi yalimkauka tangu juzi. Kifuani mlikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Alichotaka ni kaburi. Makaburi ya kanisa yako papo hapo nyuma ya ukumbi, yamezungushiwa ukuta ambao Kingi alikuwa akiupaka chokaa kila Pasaka, bila malipo. Ndani wamelala wamisionari na wake zao, wachungaji, na koo chache za zamani za misheni. Nafasi ipo tele. Ila Mgiriama, kama Kingi, hajapata kuzikwa humo. Hakuna sheria iliyokataza; ni mazoea tu, na mazoea hayo yana maneno yake ya kistaarabu: Mgiriama ana kwao, akazikwe kwao.

Wajumbe walipopumzika kunywa chai, akaitwa ndani.

"Bwana asifiwe, mama," alisema mwenyekiti, Mchungaji Dishon, mtu wa bara mwenye sauti ya upole.

"Amina, mchungaji."

"Pole sana. Kingi alikuwa ndiye besi ya kwaya yetu. Sasa huko kwenu Kaloleni mnamzika lini?"

"Kaloleni hatuna tena, mchungaji. Shamba lina mwenye hati sasa. Tulivunjiwa nyumba, minazi ikakatwa, makaburi ya wazee yakapitishwa trekta. Mwaniambia nikamzike wapi?"

Mjumbe mmoja akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Katibu, Bi Wanza, akajitia kufuta miwani.

"Ombi lako ni la haki," Dishon alisema. "Na ndilo hasa tunalolishughulikia. Makaburi tumeyaweka chini ya lengo la kwanza. Tutaunda kamati, kamati italeta mapendekezo, sinodi itapitisha. Lakini tukikupa wewe leo, kabla ya utaratibu, itaonekana tumependelea kabila moja. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa. Maiti achukuliwa leo."

"Basi tuombe."

Wakasimama wakaomba. Dishon aliomba vizuri, hata mama mmoja akatoa leso. Mirriam alibaki macho wazi, akitazama sahani ya maandazi. Alijua alipaswa kuwa na hasira. Aliitafuta, hakuipata.

Baada ya amina, Bi Wanza akamshika bega. "Mama, habari zako zimetugusa. Ungekubali tuzitie kwenye ripoti, na picha? Wafadhili wanataka kuona watu, si maneno matupu."

"Haya," akasema Mirriam. Alizoea kusema haya katika kanisa lile. Tena alidhani kwamba akiwakubalia hili, watalegeza lile.

Wajumbe wakatoka naye hadi makaburini. Dishon akamwuliza ni wapi alipotaka mumewe alale. Akawaonyesha mahali pakavu kando ya ukuta, chini ya mwarobaini, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo ukamruka: huenda. Mpiga picha, aliyetolewa studio ya karibu na Biashara Street, akamsimamisha papo hapo, Dishon kulia, Bi Wanza kushoto.

"Sogea kidogo, mama. Kaburi la yule Mzungu lionekane."

Hapo Charo akaingia langoni, shati limemganda kwa jasho. Alipowaona wakubwa akasita.

"Shemeji," akasema. "Wameshampakia. Nimewaomba wangoje, hawakungoja. Lori limeondoka."

Mirriam akageuka kutazama langoni.

"Huyu ni ndugu wa marehemu?" Bi Wanza aliuliza kwa sauti ya chini. Charo akaitikia kwa kichwa. "Basi aingie naye. Familia ikionekana ni bora zaidi."

Mpiga picha akampungia mkono. Charo akamtazama shemejiye, akingoja kuambiwa la kufanya. Mirriam akasogea, akampisha nafasi.