Mgeni wa Dada Yake

Daktari alikuwa mjini kwao tangu Jumatatu, na kwao hawakujua. Alilala hotelini na wenzake wa mkutano wa magonjwa ya wazee, akasoma mada yake kuhusu kuwatunza wazazi nyumbani, akapigiwa makofi mpaka akavimba kichwa. Kwao angekwenda siku ya mwisho, alijiambia. Eti nafasi hana! Hakuja kutoka ng'ambo kumzika baba yake, na sasa alimwogopa dada yake, basi.

Alhamisi ikawa siku ya matembezi: makumbusho, ngoma, kisha chakula cha kienyeji nyumbani kwa mwenyeji, ili wageni waonje maisha ya watu. Mwenzake basini akamuuliza kama ana ndugu katika mji huu.

"Walishahama," akajibu bila kupepesa macho.

Basi likakata kona kwenye mashine ya kusaga, likaingia mtaa wao, likasimama mlangoni kwao. Tangu msiba dada yake alikuwa akipikia wageni ili nyumba isilale njaa. Daktari angelijua hilo kama angekuwa mtu wa kupiga simu.

Dada alisimama kizingitini akimpokea kila mmoja. Alipomfikia mdogo wake, tabasamu halikuyumba.

"Karibu, mgeni."

Katika nyumba ile mgeni hunawishwa mikono na mwenye nyumba mwenyewe, na jikoni hakanyagi. Dada akaja na birika na beseni, akamnawisha mdogo wake taratibu, kidole kwa kidole.

"Dada," Daktari akanong'ona.

"Kula. Chakula kinapoa."

Wenzake walijilamba vidole na kupiga picha masufuria. Yeye alimega tonge, akalirudisha sahanini. Mwisho akachukua sahani yake kuipeleka jikoni, dada akamzibia mlango.

"Hapa wageni hawaoshi vyombo."

"Mimi si mgeni, dada."

"Haya, waambie wenzako."

Daktari akageuka, akawatazama mezani. Profesa aliyeongoza mkutano alimpungia mkono, amejaa furaha. Akaiweka sahani, akarudi kukaa, na aibu ikamtafuna kuliko njaa.

Walipokuwa wakiondoka, mama yao akatoka kuwaaga. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, kwa hiyo alimshika kila mmoja mkono. Wa Daktari akaushikilia kidogo.

"Huyu mwenye mkono wa baridi ni nani?"

"Ni daktari, mama," dada akasema, akimkazia mdogo wake macho, akimwachia nafasi.

Neno moja lingetosha. Sauti ya mwanawe mama angeijua hata usingizini. Dereva akapiga honi, wenzake wakachungulia madirishani, na Daktari akatoa shukrani kwa lugha ya kigeni ya mkutano, kwa kisauti chembamba kisicho chake.

Mama akacheka. "Hata sielewi anachosema, masikini. Mwambie na mimi nina binti daktari, yuko huko huko ng'ambo. Akikutana naye, anisalimie. Baba yake alimkosa, lakini mimi bado nipo."

"Kasikia, mama," dada akasema, akamfungulia mgeni lango.