Maombi ya Picha Nyeusi

Tangu Daktari Mokeira wa Homa Bay amweleze, Truphena alikuwa na hofu moja tu, nayo haikuwa ile ya watu wengine. Uvimbe wake, ulioanzia utumboni ukasambaa hadi kwenye ini, ni wa aina inayopenda kuvuta homoni fulani. Nairobi wangemdunga kitu kinachofanana na homoni hiyo, kimebeba mionzi kidogo. Uvimbe ukikivuta ndani, utawaka kwenye picha. Ukiwaka, dawa yenye mionzi mikali ya kuuchoma itapita njia hiyo hiyo. Usipowaka, dawa haina pa kuingilia.

"Kwa hiyo omba uwake, mama," daktari alisema. "Wote."

Sasa nenda ukawaambie hayo akina mama wa kanisani Awendo! Jumamosi baada ya ibada walijaa sebuleni, kama kawaida yao mtu akienda hospitali kubwa, na wifi yake Jedidah akashika usukani. "Baba, picha itoke nyeusi tii! Kisionekane hata kidoa!" Amina zikatikisa mabati.

Truphena akajikaza. "Ombeni iwake. Isipowaka, sitatibika."

Walimtazama kwa huruma. Mgonjwa gani huyu anayeomba ugonjwa uonekane? Jedidah akamshika bega. "Mama Jeff, hiyo ni woga inaongea. Wachana nayo." Wakaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, na Truphena akaketi katikati yao, akimsihi Mungu asiwasikilize. Aliona haya, kuogopa maombi ya watu wanaompenda hivyo.

Picha zilipofika Homa Bay kutoka Nairobi, Jedidah aliingia naye kwa daktari. Kwenye kompyuta, madoa ya ini yaliwaka. Truphena nusura apige kigelegele.

"Haya yamevuta vizuri," daktari alisema. Kidole chake kikashuka, kikasimama mahali penye giza. "Ila hili kubwa halikuvuta kitu. Kwenye picha ya kawaida tuliliona, na linakua. Hapa ni jeusi."

Jedidah akarusha mikono juu. "Nyasaye, Mungu wetu, amesikia! Hiyo kubwa ameizima!"

Daktari akainamisha macho. Truphena akaishusha mikono ya wifi yake polepole, akaing'ang'ania.

"Hilo ndilo litakaloniua, Jedidah," alisema.