Kwaya ya Msaragambo

Kufikia Jumatano ile nilikuwa nimeusikiliza wimbo wa tisa mara arobaini, na kila ulipofika kwenye kiitikio nilitamani kulala.

Ilpo alisimamisha mashine, akageuza kiti chake. "Haya, Bosi. Unasemaje?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi sioni kitu. Mimi nabonyeza tu."

Ananiita Bosi tangu siku niliyomwonyesha mkataba. Ilpo ana miaka sitini na mmoja, amepiga kodiani kwenye bendi za dansi tangu hajaota ndevu, na studio yake iko ndani ya shule ya kijiji chetu, ile iliyofungwa watoto walipokwisha. Mitambo ameiweka ofisi ya mwalimu mkuu. Mimi naimbia darasa la pili, nikiwa nimesimama karibu na pale lilipokuwa dawati langu. Nilipokuwa mtoto sikuwahi kunyoosha mkono humo ndani hata siku moja.

Mkataba wenyewe ni karatasi sita, lakini ninayoijali ni sentensi moja: hakuna wimbo, neno, sauti wala picha ya albamu hii itakayobadilishwa bila idhini ya Saana Kivelä. Sentensi hiyo ilinichukua miaka miwili. Kabla yake niliwahi kutoa nyimbo mbili na kampuni nyingine ya muziki huko Helsinki. Waliubadilisha ubeti wangu mmoja nikiwa nimekwenda chooni, nikarudi, nikausikia, nikanyamaza. Wimbo ukapigwa redioni kiangazi kizima, na kila ulipopigwa nilizima redio. Nikarudi nyumbani, nikachuma nyanya kwenye vibanda vya vioo, nikawa natunga kichwani huku mikono inafanya kazi. Kampuni ya sasa iliponitafuta, nilisema kwa sauti ambayo hata mimi niliishangaa: nitakuja, ila neno la mwisho ni langu.

Nililipata. Halafu nikatangaza. Mimi, ambaye dukani huwa nasubiri foleni iishe ndipo niulize bei, nilisimama mbele ya friji ya maziwa nikamwambia mama na majirani watatu kwamba sasa hakuna mtu wa kuniamuru tena.

Shida ya wimbo wa tisa ilianzia jikoni kwa mama. Ni wimbo unaomhusu yeye, anavyoamka saa kumi alfajiri kwenda kukamua. Nilikuwa nimerekodi nyimbo nane, sauti imekauka, na kila nilipojaribu huu wa tisa koo lilifunga. Nikasema tu, kama mtu anayejisemea, "Labda kiitikio kingeimbwa na wanawake wengi."

Mama alikuwa anakanda unga wa mikate ya iliki. Akanawa mikono, akachukua simu, na kufikia jioni alikuwa ameita wanawake kumi na watano. Yeye wa kumi na sita.

Huo ulikuwa msaragambo, na msaragambo kwetu una sheria zake. Watu wanakuja bila malipo, wewe unatoa kahawa na supu, na kazi yoyote waliyoifanya ni nzuri. Sauna yetu, kibanda cha kuogea mvuke, bomba lake la moshi la matofali limeinama kama mlevi kwa sababu Paavo, mume wa shangazi Hellevi, ndiye aliyelijenga wakati wa msaragambo. Theluji ikianza kuyeyuka, maji yanapita pale bomba linapoungana na paa na kudondoka kwenye benchi la juu. Miaka kumi na miwili tumekuwa tukikaa pembeni ya lile tone. Baba alikufa bila kumwambia Paavo neno.

Kwa hiyo walikuja Jumamosi, kumi na sita, kila mmoja na soksi nzito au viatu vyake vya ndani. Shangazi Hellevi, dada wa baba, aliyeongoza kwaya ya kanisa hadi kanisa likapata mtu mwingine, alisimama mbele akapiga makofi kuwaonyesha mwendo. Mwendo wake ulikuwa nusu ya mwendo wa wimbo. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Waliimba kwa muda wa saa nne. Waliimba kwa nguvu, polepole, kila neno wamelikanyaga. Ilpo alinitazama kupitia kioo, nyusi zimepanda.

Mwisho nikatoka, nikasema, "Asanteni sana. Imekuwa nzuri."

Walitazamana kidogo. Kisha wakala supu.

Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu siku hiyo. Ilpo aliongeza kasi ya sauti zao, akapunguza, akazisogeza nyuma, akazisogeza mbele. Kila alipofanya jambo aliuliza nasemaje. Nilikuwa sijui tena. Nilitaka mtu mmoja tu anikemee.

Jumatano hiyo hiyo, saa sita mchana, nilijifungia chumba cha kubadilishia nguo nikampigia Jonna wa kampuni.

"Nimetuma wimbo wa tisa," nikasema. "Umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Na?"

"Na albamu ni yako, Saana."

"Lakini ukiulizwa wewe?"

"Kwaya inaubeba wimbo mgongoni mpaka inaudondosha. Nimeulizwa, nimejibu."

Nikashusha pumzi. "Basi niandikie barua. Andika kwamba kampuni inaagiza kwaya iondolewe. Mistari miwili inatosha."

Akacheka, si kwa ubaya. "Dada, ulitumia miaka miwili kuniziba mdomo. Sasa unataka nikuazime?"

"Mara hii tu."

"Hapana. Jumatatu jioni ndiyo mwisho. Uniletee na kwaya au bila kwaya, nitapokea. Ila mimi sitakuwa mbaya wako."

Ilinibidi nimtafute mbaya mwingine, na nilikuwa nimechoka mno kutafuta mbali. Ijumaa, mama akimenya viazi, nikasema nikiwa nimempa mgongo:

"Kampuni imeikataa kwaya."

Kisu kikasimama. "Kampuni gani?"

"Yetu. Ya Helsinki."

"Si ulisema hawana ruhusa hata ya kukohoa?"

"Wamekohoa."

"Na ile karatasi yako?"

"Mama, mambo ya mikataba ni marefu."

Akamenya kiazi kimoja hadi mwisho, polepole. "Wanakuonea," akasema. Akafuta mikono, akachukua simu. Nilimsikia akiwa ukumbini. "Hellevi? Hebu kaa chini kwanza."

Kesho yake, saa tisa alasiri, tulikuwa sauna, sisi watatu kwenye benchi la juu, tumekaa kushoto na kulia kwa lile tone. Shangazi Hellevi huja kwetu kila Jumamosi. Ana mabega ya mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote, na akiwa na hasira humwagia mawe ya moto ya jiko la sauna maji mengi kuliko mapafu ya watu yanavyoweza.

Akamwaga. Mvuke ukatuinamisha vichwa.

"Nimeandika barua," akasema. "Kwa gazeti la mkoa. Jumatatu asubuhi inakwenda."

"Barua gani, shangazi?"

"Ya kukutetea! Kwamba wakubwa wa Helsinki wamevunja mkataba wa binti wa kijiji cha Lehtiperä. Kwamba wanawake wa vijijini wakiimba, sauti zao haziwafai watu wa mjini. Nimemtaja huyo Jonna kwa jina."

"Usimtaje Jonna."

"Namtaja! Marketta, mwanao anaogopa hata kujitetea."

Mama akasema, "Alikuwa hivyo tangu chekechea. Walimnyang'anya sledi yake ya kuteleza thelujini, naye akawasukuma waliopanda."

Walicheka kidogo, wote wawili, kwa upendo. Hicho ndicho kilichonimaliza. Walikuwa wanajiandaa kunipigania kwa jambo nililolifanya mimi. Tone likadondoka kati yetu. Nikalihesabu, nikahesabu jingine, nikaona kwamba nisiposema kabla ya la tatu, Jumatatu nitakaa kimya vilevile, albamu itatoka na kwaya niliyoikataa moyoni, au gazeti litatoka na uongo wangu ndani yake, na ile sentensi niliyoipigania miaka miwili itakuwa wino tu.

"Si kampuni," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye siitaki kwaya. Jonna alikataa hata kuniandikia barua ya uongo. Niliwasingizia."

Hakuna aliyemwaga maji. Mawe yalikuwa yanatoa milio midogomidogo, kama yanavyofanya yakipoa.

"Sasa kwa nini ulisema imekuwa nzuri?" Shangazi Hellevi aliuliza.

"Mlikuja bure. Mlikaa saa nne nzima. Ningesemaje?"

Aliweka upawa ndani ya ndoo. Nikajiandaa. Lakini alichofanya ni kupuliza pumzi ndefu kupitia pua, kama ng'ombe akilazwa.

"Tulijua," akasema. "Tukiwa garini tunarudi, mwenzetu Raili alisema tumeimba kama tunazika mtu. Tukacheka hadi nikakosa njia ya kwetu. Lakini wewe ulisema nzuri, na albamu ni yako, eti hakuna wa kukuamuru. Tukasema labda siku hizi ndivyo mnavyopenda."

"Mngeniambia."

"Ungetuambia wewe!"

Nikataka kucheka, nikamwangalia mama ili tucheke pamoja. Alikuwa anatazama mlango.

"Mimi sikuwa kwenye gari hilo," mama akasema. "Mimi nilibaki kuosha vikombe. Mimi niliona ni nzuri."

Akashuka benchi moja, akashuka la pili, akachukua taulo, akatoka.

Shangazi Hellevi alinigusa goti. "Nenda."

Mama alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha sauna, taulo kiunoni, mvuke unamtoka mabegani kama mkate uliotolewa sasa hivi. Theluji ya uani ilikuwa imelainika na kuwa na rangi ya kijivu. Nikakaa karibu naye.

"Nilimwambia rafiki yangu Kaisa, kule mjini Oulu," akasema mwishowe. "Nilimwambia nitakuwa kwenye sahani ya muziki."

"Samahani, mama."

"Sitaki samahani. Nataka kujua. Ni sauti yetu mbaya, au ni nini?"

Ningeweza kusema ni mitambo. Ningeweza kusema ni Ilpo. "Mnauimba kama wimbo wa huzuni," nikasema. "Na mimi nilikuwa siwezi kuuimba, koo langu lilikuwa linafunga, nikataka mnisaidie nijifiche nyuma yenu. Lakini hamkuutunga nyinyi. Mnaubeba tu."

Alifikiri. Mama akifikiri huwa anajikuna kiwiko.

"Unapouimba wewe, unanihurumia?"

Sikutegemea swali hilo. "Nadhani. Kidogo."

"Ndiyo maana koo linafunga. Mimi saa kumi alfajiri sijihurumii. Naenda kwa ng'ombe. Pana joto kule, redio inapiga." Akasimama. "Uimbe kama mtu anayekwenda kazini."

Akaingia ndani, akanipita, na mlango akaufunga kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Ndani nilisikia maji yakimwagwa juu ya mawe, na Shangazi Hellevi akiuliza kwa sauti ya juu, "Na hili tone? Miaka yote hii mlikuwa mnalivumilia?"

"Miaka kumi na miwili," mama akajibu.

"Mungu wangu. Nitamwambia Paavo."

Jumatatu asubuhi nilisimama darasa la pili. Ilpo alikuwa ameziondoa sauti kumi na sita, vimebaki kinanda na gitaa langu. Wimbo ulisikika mwembamba, kama nyumba iliyohamwa. Sauti yangu haikuwa imepona. Ilikuwa na mikwaruzo, na chini ilikuwa inavunjika. Sikujaribu kuifanya iwe nzuri. Nilifikiria viatu vya mpira vya mama karibu na mlango, na redio ya zizini yenye antena iliyofungwa kwa waya wa kufungia marobota ya nyasi. Niliimba mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa mtu anayevuka ua kukiwa na baridi.

Ilpo alibonyeza kitufe cha kuongea. "Haya, Bosi. Unasemaje?"

Niligundua kwamba sikuwa namtazama usoni kutafuta jibu.

"Iache hivyo."

"Mwisho pale sauti imekatika."

"Nimesikia. Iache."

"Sawa," akasema. Kisha, baada ya miezi mitano ya kutosema anachofikiri, akaongeza, "Ile kwaya ilinipa maumivu ya jino."

"Ungesema!"

"Hukuniuliza vizuri. Uliniuliza ninaonaje. Mtu akikuuliza hivyo kwetu, anaomba usimwumize."

Tulimtumia Jonna saa nane. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kilomita mbili, mwili mzima umekuwa mzito kama vile nimebeba mitambo yenyewe. Sikuwa na furaha ile niliyokuwa nimeiwazia kwenye vibanda vya nyanya. Nilitaka supu na kitanda.

Uani kwetu kulikuwa na ngazi imeegemezwa sauna. Paavo alikuwa juu ya paa, analibomoa bomba lake mwenyewe tofali kwa tofali, na hakunisalimia. Nadhani hatanisalimia mpaka Krismasi. Chini, mama ameishika ngazi kwa mikono miwili, kofia imemshuka machoni.

"Imekwisha?" akauliza bila kugeuka.

"Imekwisha."

"Umeridhika nayo?"

"Nimechoka, mama."

"Sikuuliza hilo."

Paavo aliangusha tofali kwenye theluji. Nikafikiri kidogo, maana safari hii nilitaka jibu liwe langu na liwe kweli.

"Ndiyo," nikasema. "Nimeridhika."

"Haya. Basi shika ngazi, vidole vyangu vimeganda."

Nikaishika. Aliingia ndani kuweka kahawa, na hakuniambia kama angependa kuusikia wimbo, nami sikumuuliza.