Kaseti ya Ciakuthii

Makandi alikuwa ameapa kwamba siku atakapomwona tena yule mtu, atamfanyia jambo ambalo hata wajukuu wake watalisimulia kwa kunong'ona. Jambo lenyewe hakulijua bado. Kwa miaka minne alikilea kiapo hicho kama mtu anayelea kidonda, akikitonesha kila kilipotaka kukauka.

Hakutazamia kwamba mtu huyo angekuja kwa miguu yake mwenyewe hadi sebuleni kwa baba yake mkubwa, huko Mikinduri, amevaa suti, na kwamba yeye Makandi ndiye angempelekea chai.

Wageni walikuwa wamekuja kumposa Ntinyari, binti wa huyo baba mkubwa, mzee Kaberia. Mposaji alikuwa mfanyabiashara wa Laare aliyeitwa Kiogora. Mezani kililala kitita cha miraa ya miti mikongwe, kimefungwa kwa jani na kamba ya mgomba. Katika boma la Kaberia, kitita cha posa hakikufunguliwa kabla mzee hajauliza kama yuko mtu wa nyumba hiyo mwenye neno juu ya mgeni. Aliwaulizia hivyo binti zake wote wakubwa, na kila mara watu walinyamaza, kamba ikakatwa, wakatafuna.

Makandi aliinama akamimina. Kiogora akakinusa kikombe, akawageukia wazee waliomsindikiza.

"Hii sasa ndiyo chai! Kule India nilikosomea, chai wanaitia tangawizi na pilipili manga, mpaka badala ya wewe kupiga chafya, chai ndiyo inakupigia!"

Watu wakaangua kicheko. Makandi, aliyekuwa akimimina kikombe kingine, akapitiliza, chai ikamwagika kwenye kisahani. Mzaha huo alikuwa ameshausikia, neno kwa neno.

Aliusikia huko Pune, India, nje ya stesheni ya garimoshi, siku aliyofika kusoma, mwaka wa tisini na nne. Alikuwa hajui mashariki wala magharibi, masikio yamejaa honi na kelele za wachuuzi, na mwenyeji aliyeahidi kumpokea haonekani. Ndipo sauti ikasema nyuma yake, "Muga, mwari wa baaba!" Hujambo, binti wa baba yangu. Akageuka kwa furaha. Hakumwuliza jina. Mtu akikusalimu kwa Kimeru ng'ambo ya bahari, jina utamwuliza la nini? Kijana huyo alimnunulia chai, akamchekesha kwa habari za chafya, akalibeba begi lake ili amtafutie teksi. Makandi alipogeuka kurudisha kikombe kwa muuzaji, kijana hakuwapo, wala begi.

Nguo zilipatikana nyingine. Pasipoti aliivaa shingoni. Lakini ndani ya begi mlikuwa na kaseti. Mama yake, Ciakuthii, hakujua kuandika, kwa hiyo badala ya barua alikwenda kwa mwalimu jirani aliyekuwa na redio ya kurekodia, akakaa mbele yake alasiri nzima akimwekea bintiye maneno. "Usiisikilize hapa," alimwambia. "Utanionea haya, nami nitakuonea haya. Isikilize ukifika." Makandi akatii. Mwaka uliofuata Ciakuthii alifariki kwa homa ya mapafu, akazikwa bintiye akiwa mbali. Makandi hakubaki na sauti ya mama. Alibaki na kiapo.

Sasa mwizi alikuwa akinyanyuka kwenda kunawa mikono. Makandi akaweka birika chini, akamfuata hadi kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba.

Ilikuwa siku ya soko. Kelele za wauzaji zilisikika hapo hapo, ng'ambo ya ua. Makandi alijua soko linavyomjibu mtu anayeita "Mwizi!" Wangefika na mawe na tairi kabla neno halijamtoka lote. Ulimi ulimwasha.

"Muga," alisema. "Ile teksi ulipata, ama bado unatafuta?"

Kiogora aligeuka, maji yakimchuruzika vidoleni. Alimtazama kwanza kwa tabasamu la mgeni, kisha tabasamu likamfia usoni.

"Dada... nilikuwa nimefukuzwa chuoni. Sikuwa na mtu. Haki, haikuwa mimi, ilikuwa njaa."

"Njaa ilikula kaseti?"

Akainamisha kichwa. "Nguo niliziuza. Kaseti sikuiuza. Niliisikiliza."

"Ilikuwa yako?"

"Haikuwa yangu. Lakini mimi mama aliniacha nikiwa mdogo, dada. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nivae sweta. Niliisikiliza mpaka redio ikaumeza mkanda. Naijua yote, kama Baba Yetu."

Makandi alishika ukingo wa tangi. Miaka yote hiyo aliamini kwamba maneno ya mama yake yalioza jalalani. Kumbe yalikuwa hai, kichwani mwa mwizi.

"Nitakwambia yote hapa hapa," Kiogora alisema haraka, akichungulia mlango wa nyuma. "Sasa hivi. Wewe chukua maneno yako, uniachie Ntinyari wangu. Nampenda, Mungu ananiona. Nani atajua?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Angefumba macho tu, asikilize. Lakini Makandi aliitazama ndoo ya maganda ya viazi iliyokuwa kando yao, akawaza: maneno ya mama nipewe hapa, kama hongo? Na kila Krismasi nimwandalie huyu chai, huku Ntinyari akimwita baba wa watoto wake bila kujua?

"Hapana," alisema. "Utayasemea ndani. Mbele ya kitita."

"Utakuwa umeniua."

"Wa kukuua wako sokoni. Nikiita, watakuja. Chagua."

Walirudi ndani, yeye mbele, Makandi nyuma, kama mchungaji na mbuzi aliyepatikana shambani kwa watu. Mzee Kaberia alikuwa tayari ameshika kisu cha kukatia kamba.

"Kuna mtu wa boma hili mwenye neno?"

"Mimi, baba."

"Huyo anataka aongezewe mbuzi!" mzee mmoja akatania, na Ntinyari akacheka, akiziba mdomo kwa leso.

"Sitaki mbuzi. Nataka mgeni atuambie alichokisikia kwenye kaseti aliyoniibia India."

Kicheko kilikatika. Kaberia alikiweka kisu mezani taratibu. "Kijana?"

Kiogora alitazama mlango, akatazama upande zilikotoka kelele za soko. Kisha akaanza, kwa Kimeru, macho chini. Sauti yake ikapanda, ikawa nyembamba, maana hakujua kuyasema maneno yale ila kwa sauti ya mama aliyeyasema.

"'Mwalimu, hiki kitu kinanisikia? Kinazunguka? Haya. Makandi, ni mimi. Ebu mfukuzeni huyo jogoo! Makandi, vaa sweta hata jua likiwaka, baridi ya ugenini haipigi hodi. Ng'ombe wetu akizaa, ndama nitampa jina lako, ili jioni niwe na mtu wa kumwita Makandi...'"

"Ni Ciakuthii," alinong'ona Celina, mke wa Kaberia, mikono kichwani. "Mungu wangu, ni yeye kabisa."

Kiogora akaishia hapo.

"Malizia," Makandi alisema.

"Dada, hapo mwisho... tafadhali."

"Malizia!"

"'Na usiuogope mji. Ukisikia mtu akikusalimu kwa Kimeru, mshike mkono umfuate. Usimwulize mengi. Huyo naye ni mtoto wangu.'"

Ntinyari alisimama, machozi yakimtiririka bila sauti. Akakichukua kitita, kamba yake nzima, akakiweka magotini pa mzee aliyewaongoza wageni. "Rudini nacho," alisema, akaenda chumbani. Wazee wa Laare wakatafuta kofia zao, wakatoka mmoja mmoja bila kumngojea kijana wao.

Makandi aliwahi kusoma kwamba kisasi hakina ladha. Alimtazama Kiogora, midomo ikimcheza, jasho limelowesha kola ya shati jipya, akaona kwamba walioandika hivyo walidanganya. Ladha ilikuwapo. Ila chini yake kulikuwa na kitu kingine, kidogo, chenye joto, kilichokuwa kikimwita jina lake jioni.

Kiogora alipoelekea mlangoni, Makandi alimzibia njia.

"Unataka nini tena? Nimesema yote. Nimepoteza yote."

"Kaa."

Akakaa. Makandi akavuta kigoda, akaketi karibu naye, magoti yakikaribia kugusana, kama vile mama yake alivyoketi mbele ya redio ya mwalimu.

"Anzia kwa jogoo," alisema. "Na polepole. Mama hakuwa mtu wa haraka."