Maneno Chini ya Kiti cha Mgonjwa

Kila Jumanne saa sita kasoro robo, kliniki ya sukari ilipokwisha, mfagizi aliingia chumba namba nne, akafungua dirisha, akapandisha viti viwili juu ya meza na kuanza kazi. Pale kiti cha daktari kilipokuwa hapakuwa na kitu ila vumbi. Pale kiti cha mgonjwa kilipokuwa palikuwa na maneno: nusu ndoo siku ya kawaida, ndoo nzima siku daktari alipofundisha habari za chakula.

Daktari alisema kwa lugha ya shule. Wagonjwa wengi walikuwa watu wa matanuri, wa sokoni na wa karakana, na lugha hiyo waliijua ya kununulia sabuni na ya kuulizia njia. Neno lisiloingia sikioni lazima lianguke mahali, na yale yalianguka sakafuni, ya kijivu, ukubwa wa punje ya mahindi, mengine yakiwa bado na joto. Namba zilibiringika mbali zaidi, zikakwama nyuma ya kabati. Karatasi za maelekezo nazo hazikufaa kitu. Mtu asiyesoma hata lugha ya mama yake hawezi kusoma ya jirani, kwa hiyo karatasi zilifika nyumbani zikaziba nyufa za madirisha.

Mfagizi alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Hakusoma, ila lugha ya shule ilimwingia taratibu kwa kusikia watu wakigombana koridoni. Madaktari watatu walikuja wakaondoka, na kila mmoja alimwomba jambo lilelile: afagie vizuri kwenye kona, maana maneno yanaingia kwenye magurudumu ya kiti. Aliyamwaga shimoni nyuma ya jengo. Mlinzi aliwahi kulalamika kwamba shimo linanong'ona mchana kutwa, akahamishia kiti chake upande wa pili, mambo yakaisha. Kuyasikiliza hakukumjia mfagizi akilini. Taka ni taka.

Kaka yake mkubwa alikuwa mfyatua matofali. Watu walimwita Kalibu, kwa sababu mabega yake yalikuwa ya mraba kama ile kalibu aliyofyatulia. Alikuwa na sukari mwaka wa nne sasa. Kliniki alikuja peke yake asubuhi na mapema, wakati mfagizi, dada yake, bado anadeki wodi ya wazazi ghorofani, maana hakutaka mdogo wake amwone ameketi kwenye kiti cha wagonjwa. Akiulizwa nyumbani alijibu kwamba dawa amepewa na anaendelea vizuri. Mzee wa nyumba akishasema hivyo, nani atamfuatafuata?

Siku moja pale tanurini alikanyaga kigae, akatembea nacho ndani ya unyayo siku tatu. Mguu ulikuwa na ganzi, haukumwambia lolote. Mkewe ndiye aliyeona damu kwenye matofali mabichi, akaifuata tofali kwa tofali mpaka ikamfikisha kwa mumewe. Hospitalini walimkata vidole viwili, kile kidogo na jirani yake.

Nesi alimuuliza kama alikuwa anameza vidonge. Kalibu akajibu kwa fahari kwamba alivimaliza vyote, hakubakiza hata kimoja. Kweli alivimaliza. Alipewa vya mwezi mmoja, akavimaliza, akajisikia mzima, akarudi kwenye udongo wake mpaka alipoanza kuugua tena miezi mitano baadaye. Alishaugua homa, alishaugua kifua, alishatibiwa minyoo, na katika hayo yote mtu akimaliza dawa amepona.

Jumanne aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, yeye ndiye alikuwa mgonjwa wa mwisho chumba namba nne. Daktari alimweleza kwa robo saa nzima. Alikuwa daktari mpole, na alisema polepole.

Mfagizi alipoingia, aliegemeza ufagio ukutani. Maneno ya kaka yake yalikuwa juu ya rundo. Alipiga magoti, akaokota moja na kuliweka sikioni, kama mtu anayejaribu saa ya mkononi. Likasema kwa sauti ya daktari, kwa uchovu kidogo: *kila siku*. Akaokota la pili. *Kila siku.* La tatu likasema *hata ukijisikia nafuu*. La nne, *kagua miguu*. Aliendelea mpaka magoti yakamuuma. Kisha akaanza kupiga hesabu ya zile Jumanne nyingine alizozimwaga shimoni, akaiacha katikati, maana kuna hesabu ambayo mtu akiimaliza hawezi tena kushika ufagio. Akayatia maneno mfukoni mwa aproni.

Jioni alikwenda kwa kaka yake. Wifi yake alimwekea kiti, akauliza habari za kazi. Mfagizi akasema ni njema, akayamwaga maneno juu ya sinia. Kalibu, mguu ukiwa juu ya mto, aliyatazama bila haraka, kama anavyotazama udongo wa shimo jipya. Akachukua moja.

"Hili linasemaje?"

"Linasema kila siku."

"Na hili?"

"Kila siku."

Akalichukua jingine, akalitikisa karibu na sikio. "Maana yake dawa hii haina kumaliza."

"Haina, kaka. Ikiisha unafuata nyingine, ujisikie mgonjwa usijisikie."

"Na hayo niliambiwa?"

"Leo peke yake mara saba."

Kalibu akalirudisha lile neno kwenye sinia. Mkewe akaacha kuchambua mboga.

"Kila, siku," Kalibu akasema. "Vidole viwili kwa maneno mawili."

Waliyapitia yote, moja moja. Mfagizi alisikiliza, akalirudia kila neno kwa lugha ya nyumbani, na neno lililorudiwa liliacha ukijivu wake, likawa jepesi, likaingia. Kalibu alijikuna sikio. Kuhusu sukari kupanda na kushuka hakuhitaji kuelezwa mara mbili: udongo ukizidi maji tofali halisimami, ukipungua linapasuka, na kama damu nayo ina kipimo chake, hilo ni jambo la fundi. Toka siku hiyo aliweka vidonge ndani ya kalibu yenyewe, asiweze kuanza kazi kabla ya kuvitoa. Maneno ya miguu aliyachukua mkewe. Alisema mguu usiosikia unahitaji macho, na macho ya mumewe hayainami. Kila jioni alimkagua unyayo kwa taa, kidole kwa kidole, vinane vyote.

Habari haikawii. Jumanne iliyofuata fundi viatu alimsubiri mfagizi kwenye ngazi za nyuma, akamuuliza kama na ya kwake yapo. Fundi huyo alijichoma sindano kila asubuhi bila kukosa, kisha akaenda kazini na njaa, na mara mbili alishaanguka kutoka kwenye kigoda chake akitetemeka na kutokwa jasho. Mtaa mzima uliamini amerogwa na mshindani wake. Mfagizi alichambua ndoo, akaona neno *sindano* halimo, lilikwisha kumwingia fundi kichwani. Lililobaki chini ni *usikae bila kula*. Akampa. Fundi viatu akalisikiliza, akamwomba alirudie, kisha akaenda kumwomba radhi mshindani wake.

Baada ya hapo walikuja wote. Mfagizi alijua kila neno la nani, kwa kuwa yalilala kwa tabaka, ya mgonjwa wa kwanza chini na ya wa mwisho juu. Hakukosea mara nyingi. Akikosea, alirudi siku ya pili akabadilisha. Miezi minane baadaye namba kwenye mafaili zilikuwa zimeshuka, vidonda vimepungua, na daktari alifurahi sana. Aliona ni kwa sababu ya bango jipya lililobandikwa ukutani.

Mfagizi alimwendea nesi, akampa ombi alifikishe juu: atafutwe mtu wa kukaa mle chumbani na kusema na wagonjwa kwa lugha yao, maneno yasianguke kabisa. Alisema kama mtu hayupo, yeye yupo. Mganga mkuu alishuka mwenyewe kuangalia. Aliokota neno moja, akalisikiliza, akakubali kwamba ni kweli yanaanguka na kwamba ni mengi. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Cheo cha namna hiyo hakimo katika muundo wa utumishi. Hata hivyo uongozi umeona tatizo, na umetoa mkeka wa mpira wa kutandika chini ya kiti, ili yasipige kelele yanapoanguka.

Mfagizi aliutandika. Akaendelea na ngazi zake za nyuma, baada ya saa za kazi.

Mwisho wa mwaka kliniki ilipewa tuzo kwa kuwashinda wengine wote katika kudhibiti sukari. Hafla ilifanyika uani. Wagonjwa waliwekwa viti vya mbele, Kalibu miongoni mwao, amevaa viatu vya kufunika vidole. Mgeni rasmi alisimama, akawapongeza kwa lugha ya shule, akawasifu kwa nidhamu yao, akaeleza kwamba elimu ndiyo dawa.

Maneno yalianza kudondoka. Wagonjwa hawakutazamana. Walifungua mikoba, walikunjua mifuko, fundi viatu akavua kofia na kuikinga kidevuni, Kalibu akatandaza leso kubwa mapajani. Hotuba ilichukua dakika arobaini. Ilipokwisha walipiga makofi kwa adabu, wakakung'uta yaliyoshika nguo, wakajipanga mstari mpaka kwenye ngazi za nyuma, ambako mfagizi alikuwa ameshaketi. Wa kwanza alikuwa bibi muuza mkaa. Alimpa neno kubwa lenye joto.

Mfagizi akaliweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Hili linasema asante," akamwambia. "Lete lingine, pengine lina kazi."