Tikiti ya Mfiwa

Mama yake alikata roho alfajiri, na jua lilipofika utosini Benta alikuwa amesimama kwenye laini ya tikiti za dansi.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini na saba, nje ya holi la Thika. Walio mbele yake walinukia sabuni na mafuta ya nywele, na walio nyuma walikuwa wakiimba kabla hata ya kulipa. Benta alivaa gauni alilokesha nalo hospitalini. Kiunoni alifunga leso ya mama yake, ile ya rangi ya udongo, iliyochanika upindo. Mkononi alishika sarafu za tikiti, zikilowa jasho.

Hakuja kucheza. Ndani ya holi alikuwemo Jeconia, kaka yake mkubwa, mpiga kodiani wa bendi iliyotoka Nairobi. Siku hiyo ilikuwa na mchezo wa kuchekesha kwanza, kisha muziki, na muziki ukiisha lori la bendi lingeondoka moja kwa moja kwenda Nanyuki kuwatumbuiza askari mwezi mzima. Jeconia alikuwa amemwona mama yao wodini katikati ya juma, akamwacha anagaagaa kwa maumivu. Habari za alfajiri hakuwa nazo.

Na mazishi yalikuwa siku hiyo hiyo, Ruiru, kwenye makaburi ya shamba la kahawa alikofanya kazi Benta. Wakati ule wa Hali ya Hatari watu hawakukusanyika ovyo hata kwa kilio. Bwana shauri alikuwa ametoa kibali cha leo tu, mwisho saa kumi na mbili jioni, na lori la shamba lilikwisha kuondoka na jeneza kutoka hospitalini pale Thika. Kwao Alego udongo wa kwanza hutupwa na mwana wa kiume wa kwanza. Asipokuwepo na anajulikana yuko hai, watu husema mama kazikwa kama mgumba. Benta aliliwaza neno hilo, na laini ikasogea hatua moja.

"Ee, nyar Alego! Hata wewe?"

Aliyegeuka mbele yake na kumwita hivyo, binti wa Alego, alikuwa Jentrix, jirani yake wa kambi ya shamba, aliyekuwa Thika kwa dada yake tangu jana. Alivaa viatu vyeupe na kitambaa kipya kichwani.

"Si ni wewe uliyesema dansi ni ya wapotevu?" Jentrix alipaza sauti ili wengine wasikie. "Pasta anajua uko hapa?"

"Anajua," Benta akajibu. Haukuwa uongo.

"Na mama? Si yuko wodini? Umemwachia nani?"

"Yuko na watu."

"Haya, sikieni dunia ilivyokwisha! Mgonjwa anaachiwa watu, binti anafuata kodiani!"

Laini ikacheka. Mwanamume mmoja nyuma akasema kodiani ya Jeconia imewaponza wengi, hata dada yake hajapona. Benta akaumeza ulimi wake. Angelisema pale, kati ya watu wa nyumbani, kamsa ya wanawake ingelipuka, na Jeconia angelijua kifo cha mama yake kwa mayowe ya watu baki. Isitoshe, langoni palikuwa na askari wawili wenye virungu, na siku zile askari hakuuliza umati unalilia nini. Aliutawanya kwanza, maswali baadaye.

Kutoka ndani kilisikika kicheko kikubwa. Mchezo ulikuwa unaelekea mwisho.

Dirishani aliketi Urbanus, Mkamba mwembamba aliyechana tikiti kutoka kwenye kitabu bila kumtazama mtu usoni. Alimpa Jentrix yake, akakifunga kitabu.

"Zimekwisha."

"Ndugu yangu, hata ya kusimama," Benta akasema.

"Hata ya kuning'inia, mama. Holi limejaa. Huyo amechukua ya mwisho."

Dirisha la mbao likafungwa puani pake. Nyuma watu wakaguna, wakatawanyika wakimtukana Urbanus na ukoo wake. Ndani, kodiani ikavuta pumzi ya kwanza, na holi zima likapiga kelele. Benta aliujua ule mvuto. Jeconia alikuwa ameuanzia nyumbani kwao, kwenye kodiani kuukuu ya mjomba wao, mama akimpigia makofi huku akikoroga uji.

Akaenda mlangoni.

Bawabu aliitwa Kang'ethe, mtu wa Mugutha, mnene, mcheshi, mwenye baiskeli iliyong'aa aliyoiegemeza ukutani karibu naye kama mtoto wake. Kama wengi wa kwao, herufi ya *l* iligeuka *r* kinywani mwake.

"Tikiti, mama?"

"Sina. Nimekuja kumwita ndugu yangu, yule wa kodiani. Ni jambo la nyumbani. Nikitoka nimetoka."

"Atiriri!" Kang'ethe akapiga paja. "Jambo ra nyumbani! Jumamosi iriyopita nimezika mama saba hapa mrangoni. Kira asiye na tikiti, mama yake amekufa. Mmoja arikufiwa na mama yake mara mbiri, siku moja! Sasa wewe, ni nani amekufa?"

Wawili watatu waliosimama pale wakacheka. Benta akalirudisha neno alilokuja nalo. Angelitamka, lingekuwa mama wa nane wa Kang'ethe.

"Basi nipelekee maneno tu," akasema. "Nakuomba, mzee."

"Maneno hayana tikiti. Sema."

Akafikiri. Mtu haambiwi kifo cha mama yake na bawabu, mbele ya watu, mikono iko kwenye ala. Neno kama hilo hufunikwa, ili anayelipokea alifunue mwenyewe. Asubuhi muuguzi alikuwa amemfunikia yeye hivyo hivyo, na pasta naye akalirudia, na Benta akaelewa mara moja.

"Mwambie, Benta yuko nje. Mwambie mama amelala."

"Mama amerara," Kang'ethe akarudia, kama mtoto anayetumwa dukani. Akamwachia mwenzake mlango, akaingia.

Benta akasikiliza kwa ngozi yake yote. Alingoja kodiani ikatike. Wimbo ulikwisha, pakawa na kimya kifupi, akajisemea: sasa. Akakaza leso kiunoni. Kisha kodiani ikaanza tena, nyepesi na ya furaha kuliko mwanzo, na miguu ya watu ikaanza kutwanga sakafu.

Kang'ethe alirudi anatabasamu, anajifuta jasho.

"Nimemwambia, neno kwa neno. Amefurahi sana! Amesema, asante Mungu, siku nyingi hakupata usingizi. Amesema umwache arare, usimwamshe. Huu wimbo unaoria sasa, anampigia yeye."

Benta aliegemea ukuta. Hakulia. Alihisi kama mtu aliyemtupia mwenziwe kamba mtoni, mwenziwe akaipokea, akajifunga nayo mkanda.

"Amesema nini?"

Alikuwa Jentrix, tikiti mkononi, amesimama hatua moja nyuma yake akingoja kuingia. Alimtazama Benta usoni, kisha macho yakashuka kiunoni, kwenye leso. Kambi nzima iliijua leso ile. Wilkister, mama yake Benta, alilala nayo, alienda nayo sokoni na kanisani, na hata wodini wauguzi walishindwa kumvua.

"Benta," Jentrix akanong'ona. "Amelala *hivyo*?"

Benta akatikisa kichwa kukubali.

Jentrix akajishika kinywa ili sauti isitoke, akawatazama askari. Alipoondoa mkono, maneno yalikuwa machache. "Na mimi nikakucheka kwenye laini." Akamtia tikiti kiganjani, akakikunja kiganja. "Ingia. Ingia kabla sijapiga kelele."

Kang'ethe akaipokea tikiti, akaichana, akamrudishia nusu. Hakutania tena. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba alibeba kitu asichokijua.

Ndani palikuwa na joto la tanuri. Watu walishonana hivi kwamba asingeweza kuinua mkono akajikuna. Jukwaa lilikuwa mbali, na juu yake Jeconia, koti jeupe, kichwa nyuma, macho yamefumbwa. Benta akaita. Hata yeye mwenyewe hakujisikia. Akasukuma, akasukumwa. Mwanamume mmoja akamshika mkono akidhani anataka kucheza, akamzungusha, akamrudisha nyuma alikotoka.

Vibao vilifuatana bila pengo, na Benta alijua vikiisha watafunga na kupanda lori. Hapo ndipo alipoliona sinia.

Lilikuwa kwenye stuli chini ya jukwaa, na kando yake alisimama Jared, msemaji wa bendi. Katika dansi za Wajaluo ndilo sinia pekee liwezalo kumnyamazisha mpiga muziki. Anayetaka kujisifu mbele ya watu hutupa sarafu, muziki husimama, naye hujitaja yeye na watu wake mpaka aridhike. Wao huita pakruok. Benta, mtu wa kanisa, hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake. Lakini sarafu za tikiti bado alikuwa nazo.

Alipita chini ya vikwapa vya watu, akaanguka magoti mara moja, akainuka. Akazitupa zote.

"Simamisha! Simamisha!" Jared akainua mikono. "Kuna mwana wa watu anataka kujitaja! Ni mwanamke, jamani! Wanaume mmezidiwa! Nani wewe, dada?"

Muziki ukasimama. Macho yote yakamgeukia. Jeconia alimwona, uso ukafunguka kwa mshangao na furaha, akamkonyeza, akapiga vidole vitatu kwenye kodiani kumpa nafasi.

"Mimi ni Benta, binti wa Alego," akaanza. Sauti ilikwaruza.

"Eeee!" holi likaitikia.

"Dada wa huyu anayeshika kodiani."

"Eeee!" Watu wakapiga miluzi. Jeconia akainama kama bwana mkubwa.

"Sisi ni watoto wa Wilkister. Wilkister aliyekuwa akiuza samaki Ruiru, na hakumpunja mtu."

"Eeee!"

"Wilkister aliyekuwa akiimba sauti ya pili, kanisa zima likanyamaza kumsikia."

Kuitikia kukapungua. Wachache walitazamana. Jeconia bado alitabasamu, ila tabasamu lilikuwa limeganda, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka na hajui ni upi. Benta alimtazama machoni. Mtu anaweza kuacha kuuza samaki. Anaweza kuzeeka akaacha kuimba. Ilibaki kauli moja tu ambayo hakuna aliye hai anayeweza kusemewa.

"Wilkister," akasema, "aliyekuwa mama yetu."

Hakuna aliyeitikia.

Mikono ya Jeconia ikalegea. Kodiani ikafunguka yenyewe kwa uzito wake, ikishuka polepole, ikitoa sauti moja nzito, ndefu, isiyo wimbo, mpaka pumzi ikaiishia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Jeconia alianza, kwa sauti ya mtoto, na holi zima likaingia.

Nje askari walipuliza filimbi. Benta na kaka yake walipofika mlangoni, Kang'ethe alikuwa ameuziba kwa mwili wake wote, mikono juu.

"Ni matanga, afande! Si fujo! Mama yao amekufa, naapa!" Akageuka, akamwona Benta. "Wewe urisema amerara. Nami nikapereka hivyo hivyo."

"Hukukosea, mzee. Mwenye kukosea neno ni mimi."

"Wanamzika wapi?"

"Ruiru. Kibali ni mpaka kumi na mbili."

Kang'ethe aliitazama baiskeli yake. Yeye mwenyewe, kwa sheria za Hali ya Hatari juu ya watu wa kabila lake, hakuruhusiwa kuvuka kwenda Ruiru jioni ile bila pasi. Akaisogeza kwa Jeconia. "Nitaifuata nikipata ruhusa. Nendeni! Jua haringoji mtu!"

Jeconia alikanyaga pedeli na koti lake jeupe la jukwaani, Benta nyuma kwenye kerio, ameshika mkanda wake. Walipita mashamba ya mkonge ya Murera. Kilima kilipowashinda walishuka wakakimbia, wakisukuma baiskeli. Vivuli vya mikonge vilirefuka, vikavuka barabara, na Benta alivichukia kimoja kimoja. Mara moja tu Jeconia alisema, bila kugeuka, "Nilimpigia wimbo, Benta. Nilidhani anapumzika." Benta akakaza mkono wake kwenye mkanda.

Walipoingia kwenye kahawa, waliona watu wamesimama kuzunguka kaburi na jeneza limekwisha kushushwa. Karani wa bwana shauri alikuwa anatazama saa yake. Pasta alikuwa na koleo mkononi, ametulia nalo hivyo, kama mtu aliyesahau linatumika vipi. Aliwaona, akalikita chini.

Jeconia hakutumia koleo. Alipiga magoti, koti jeupe likagusa udongo mwekundu, akateka kwa viganja vyote viwili. Akautupa, na kishindo chake juu ya mbao za jeneza kilikuwa kidogo sana.

Nusu ile ya tikiti Benta aliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, kwenye ukurasa ambao mama yake aliupenda. Jentrix hakuidai kamwe. Na tangu siku hiyo, msiba ukitokea kambini, Benta ndiye aliyetumwa kupeleka habari, ingawa wengi walimwona ana ulimi mkavu. Alifika, akaketi, akamshika mtu mkono, akamwambia, "Amekufa." Hakusema tena kwamba mtu amelala, ila alipokuwa amelala.